Maji ya Moto na Maji ya Baridi

Somo letu leo ni Ufunuo 3:14-22, barua kwa kanisa la Laodikia.

Sisi wa Illasit, tunaokaa chini ya Kilimanjaro, tunayajua maji ya baridi yatokayo mlimani. Na kule Magadi, katika Kajiado hii hii yetu, ziko chemchemi za moto ambako watu huenda kuoga wakitafuta nafuu ya maumivu. Laodikia nayo ilikuwa hivyo. Jirani yake Hierapoli palikuwa na chemchemi za moto, na Kolosai palikuwa na maji ya baridi. Yote mawili yalikuwa na kazi yake. Yaliyomchukiza Bwana ni ya vuguvugu.

Mama mmoja wa kanisa letu aliteguka kifundo cha mguu akitoka sokoni. Zahanati walimpima, wakaona mfupa ni mzima. Siku mbili za kwanza alitumia kitambaa cha maji baridi. Uvimbe ulipopungua aliambiwa atumie makarai mawili: dakika tatu katika maji ya moto ambayo kiwiko kinaweza kuyavumilia, kisha dakika moja katika ya baridi, arudie mara nne au tano. Joto hupanua mishipa ya damu, baridi huibana, na wengi hupata nafuu ya maumivu. Lakini si dawa ya kila kitu. Mwenye kidonda, ugonjwa wa moyo, au kisukari kilichotia miguu ganzi, amwulize daktari kwanza.

Mama yule aliona makarai mawili ni taabu, akayachanganya maji katika moja. Tulipomtembelea akalalamika, "Hayanisaidii kitu." Tukacheka naye. Ndipo akasema kwa upole, "Lakini nanyi, watu wa kanisa, ng'ombe wangu walipokwisha kwa ukame wa 2022, mliniletea maji kama haya."

Tukanyamaza, maana ilikuwa kweli. Tulisimama langoni pa boma, tukasema, "Pole mama, tutakuombea," tukaenda zetu. Hatukuketi tulie pamoja naye. Wala hatukumpelekea hata debe moja la maji.

Ndugu zetu, faraja ya kweli ni kama maji ya moto kwa kiungo kinachouma. Na kikombe cha maji baridi kwa mwenye kiu hakikosi thawabu, asema Bwana katika Mathayo 10:42. Salamu ya langoni si moto wala si baridi.

Sisi tulisimama mlangoni, tukaondoka. Bwana naye yuko mlangoni petu, lakini yeye hubisha, akitaka kuingia na kula pamoja nasi. Siku ile tuliomba msamaha, tukaingia ndani, tukachemsha maji, tukateka na ya baridi, tukamwosha mguu.

Je, mlango wa nani unakungoja wiki hii?

Na tuombe. Ee Bwana, utuondolee uvuguvugu wetu. Utufanye watu wa kufaa. Amina.