Faida kwa Mmoja, Deni kwa Mtaa

(Hotuba iliyotolewa na mwandalizi wa chama mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi, Mombasa)



Nimetakiwa niseme juu ya mali ya mtu binafsi na wajibu wake kwa wenziwe. Kazi niliyosomea ni ualimu, basi mtaniwia radhi nikianza na hesabu za watoto. Mfanyabiashara huchukua fedha alizouzia, akatoa fedha alizotumia, na zinazobaki huziita faida. Hesabu hiyo ni ya haki, mradi matumizi yote yameandikwa. Mwanafunzi akiruka tarakimu moja, mwalimu humpiga mkasi. Tajiri akiruka tarakimu moja, jibu lake hupokelewa benki.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Nyote mwajua kijiji cha Owino Uhuru, huko Mikindani. Mwaka 2007 kilianza hapo, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi ya kuuza nchi za nje. Kiliendelea mpaka mwaka 2014. Katika daftari la kiwanda yaliandikwa, hapana shaka, bei ya betri, mishahara ya vibarua, na kuni au mafuta ya tanuri. Yaliyosalia hayakuandikwa na mtu.

Na hayo yaliyosalia ni nini? Betri ikivunjwa, tindikali humwagika. Risasi ikiyeyushwa, moshi na vumbi lake hupanda, halafu hutua juu ya mabati, na mvua ikinyesha huingia katika pipa la maji ya kunywa. Kibarua hurudi nyumbani na vumbi hilo katika nguo, akambeba mtoto wake. Mtoto hucheza chini, akatia kidole mdomoni. Wataalamu wa Shirika la Afya la Dunia wanasema mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 au 5 kuliko mtu mzima, tena hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Huingia katika mifupa ikakaa huko miaka mingi, na mama akichukua mimba hutoka tena mifupani ikamfikia aliye tumboni. Huharibu ubongo. Dawa yaweza kupunguza risasi katika damu, lakini akili iliyokwisha kupotea hairudishwi. Mimi kama mwalimu natetemeka nikifikiri hayo, kwa maana mtoto wa namna hiyo akija darasani tutamwita mjinga, nasi hatutauliza ujinga huo uliyeyushwa katika tanuri gani.

Aliyeuliza ni Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho hicho, na mwanawe mchanga akaonekana ana risasi katika damu. Alikamatwa, akashtakiwa, asinyamaze. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya watetea mazingira. Wanakijiji wakaenda mahakamani, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitangua amri hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Sasa tufanye hesabu. Wakazi wale ni kama 3,000. Gawanyeni, kila mtu ni shilingi 433,000 hivi, kwa mifupa yake. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipoanza alikuwa na miaka 17 hukumu ya mwisho iliposomwa.

Na lipo jambo jingine ambalo nataka mlishike sana. Mahakama ilipogawa lawama, sehemu kubwa iliangukia ofisi za serikali zilizotoa ruhusa na zilizofumba macho. Ilikuwa haki. Lakini ofisi ya serikali haina shamba wala duka. Fedha yake ni kodi ya mama muuza samaki na ya kuli wa bandarini. Na kumbukeni kwamba kiwanda kinachosajiliwa kwa kuuza bidhaa nje husamehewa kodi ya mapato miaka 10 ya mwanzo. Kwa hiyo faida hutoka nje ya mtaa bila kutozwa kodi hiyo, na gharama inaporudi hugawiwa wananchi wote. Watu wenye kupenda kutuhubiria juu ya kujitegemea waanze na hapo.

Najua wapo watakaosema, “Kijana, unafukuza viwanda, vijana wenzio watakula nini?” Swali hilo ni la kweli, nami silidharau. Vibarua wa Owino Uhuru waliingia kwa sababu ya njaa. Tena betri za matatu zetu lazima ziende mahali fulani, na afadhali ziyeyushwe kiwandani kuliko uani kwa mtu. Hatukatai kiwanda, wala hatumwonei wivu mwenye mali. Tunasema vichujio vya moshi, maji ya kuogea vibarua, nguo za kazi zisizotoka nje ya lango, na upimaji wa damu, yote hayo ni matumizi ya kiwanda kama yalivyo mafuta ya tanuri. Akishindwa kuyalipa, basi hakuwa na faida tangu mwanzo. Alikuwa akikopa kwa jirani bila kumwambia.

Wala tusidanganywe kwamba sheria haikuwapo. Sheria ya mazingira ya Kenya ni ya mwaka 1999, miaka 8 kabla ya tanuri lile, na inataka madhara yapimwe kabla ya kazi kuanza. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kilichokosekana ni jirani kuulizwa, na jirani kuwa na nguvu ya kukataa.

Kwa hiyo kamati ya tawi imeamua hivi. Jumamosi, saa kumi alasiri, tutakutana ofisini, kila balozi na daftari lake. Tutatembea mtaa kwa mtaa na kuandika kila mahali panapovunjwa betri, panapochomwa nyaya, na panapomwagwa maji ya rangi. Jina la mahali, umbali wake na kisima, na umbali wake na shule. Akina mama watakaopenda kuja waje, maana wao ndio wajuao watoto gani wanaumwa tumbo. Orodha hiyo tutaipeleka sisi wenyewe kwa ofisi ya mazingira, tukadai stakabadhi yenye mhuri na tarehe.