Ugali Mdogo, Kitoweo cha Kutosha: Mlo wa Kushibisha kwa Mwenye Kisukari

Maneno ya afisa ugani wa mifugo kwa kaya za wafugaji, Samuye, baada ya kuogesha ng'ombe

Asanteni kwa kubaki baada ya kazi ya josho. Najua ng'ombe wanataka maji, kwa hiyo nitasema yenye maana tu.

Mimi ni mtu wa mifugo. Kupima sukari na kutoa dawa za binadamu ni kazi ya daktari na nesi. Lakini ninapopita kwenye maboma yenu kuchanja na kutibu, mara nyingi naulizwa swali moja: "Mzee ameambiwa ana kisukari, apunguze ugali. Sasa atakula nini na atashiba vipi?" Swali hilo linanihusu, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu lake iko zizini, kwenye banda la kuku na kwenye bustani ya mboga.

Ugali, wali, uji, viazi, michembe, matobolwa, muhogo na mkate vyote ni vyakula vya wanga. Nasema wanga wa chakula, siyo wale wa usiku. Wanga ukishaingia tumboni huvunjwa na kuwa sukari, nayo huingia kwenye damu. Mtu mzima wa afya anayelima au kutembea na ng'ombe kutwa huitumia sukari hiyo kama nguvu. Mwenye kisukari mwili wake hauwezi kuiondoa vizuri kwenye damu. Inarundikana, na mwaka baada ya mwaka inaharibu macho, figo, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu.

Kwa mfugaji, hatari iliyo karibu zaidi ni miguu. Mishipa ya fahamu ikiharibika, mguu unakufa ganzi. Mtu anapita mbugani na ndala, mwiba wa mgunga unaingia asiusikie. Anarudi jioni, analala, na baada ya siku kadhaa kidonda kinanuka. Kidonda kama hicho ni kigumu kupona, na wengine huishia kukatwa mguu. Ng'ombe mia hawakurudishii mguu. Ndiyo maana nasema habari ya sahani ya ugali si jambo dogo.

Unga gani?

Wengi wanasema, "Nimeacha sembe, sasa nakula dona," au, "Nakula ugali wa mtama, huo hauna sukari." Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu pumba na kiini vimebaki, na mtama ni chakula kizuri. Lakini vyote ni wanga. Katika kila gramu 100 za unga wa mahindi, kama gramu 75 ni wanga. Mtama hauko mbali na hapo, na muhogo mkavu unazidi. Ukila mlima wa ugali wa mtama, sukari itapanda. Michembe nayo ni viazi vilivyotolewa maji, kwa hiyo bakuli dogo la michembe limebeba viazi vingi.

Kwa hiyo kubadili unga peke yake hakutoshi. Lazima kipimo kipungue. Sahani ya mwenye kisukari igawanywe hivi: nusu nzima iwe mboga za majani, robo iwe nyama, samaki, dagaa au mayai, na robo inayobaki ndiyo iwe ugali. Kwa mkono, ugali huo ni kama ngumi yake mwenyewe.

Najua jinsi sahani hiyo inavyoonekana kwetu. Usukumani mtu akipewa ugali kidogo anaona amedharauliwa, na mgeni akipakuliwa hivyo atakwenda kusema. Tena tunakula sinia moja, na anayemega tonge kubwa hahesabiwi. Kwa hiyo naomba akina mama mpakulie mgonjwa sahani yake, na akina baba mkubali kupakuliwa bila kununa. Sahani hiyo ijae mpaka ukingoni, ila ijazwe na kitoweo. Hapo hakuna dharau.

Kwa nini nyama na majani vinashibisha

Nyama, mayai, samaki na mafuta hukaa tumboni muda mrefu kuliko uji au ugali mtupu. Majani yana maji na nyuzinyuzi, kwa hiyo yanajaza nafasi na kufanya chakula kiende polepole. Ndiyo sababu aliyekunywa uji wa sukari asubuhi anasikia njaa mapema, na aliyekula mayai mawili na majani anafika mchana. Nyama na mayai karibu hayana wanga kabisa. Yai moja lina kama gramu 6 za protini, na wanga wake haufiki gramu moja.

Kosa ni kupunguza ugali na kuacha mboga ileile ya vijiko viwili. Hapo mtu atalala njaa, na kesho atarudi kwenye mlima wake. Ukipunguza ugali, ongeza kitoweo.

Asubuhi: mayai na majani

Kwa mtu mmoja, kata kitunguu kimoja na nyanya mbili. Kaanga kwa kijiko kimoja cha mafuta au samli. Tia mchicha au majani ya maboga yaliyokatwa, viganja viwili vilivyojaa. Yakinywea, vunja mayai mawili juu yake, koroga, funika mpaka yaive kabisa. Kunywa na chai ya tangawizi isiyo na sukari. Chai ya maziwa inafaa, ila maziwa nayo yana sukari yake ya asili, kama gramu 12 katika kikombe cha robo lita. Kikombe kimoja kinatosha, na usiongeze sukari juu yake.

Mchana: mgagani wa maziwa na karanga, pamoja na dagaa

Kwa watu sita, chukua mafungu manne makubwa ya mgagani. Chambua, osha, chemsha kama dakika 15, kisha punguza maji machungu. Tia kitunguu, kikombe kimoja cha maziwa yaliyokwisha kuchemshwa na nusu kikombe cha karanga zilizotwangwa. Acha moto mdogo mpaka mchuzi uwe mzito. Majani ya kunde na nsansa za kiangazi hupikwa hivyohivyo, ila nsansa ziloweke kwanza. Ukipika mlenda, punguza magadi na chumvi, hasa kama kuna mwenye presha nyumbani.

Dagaa wa ziwa, vikombe vitatu, osha kwa maji ya vuguvugu mara tatu mchanga utoke. Kaanga kwenye sufuria kavu mpaka wakauke, kisha tia mafuta kidogo, kitunguu na nyanya nyingi. Usiache kichwa wala mifupa, hapo ndipo chokaa ya mifupa ilipo.

Jioni: supu ya kuku au nyama yenye majani

Chemsha kuku wa kienyeji au kilo moja ya nyama mpaka ilainike. Tia vitunguu, nyanya, bilinganya au nyanya chungu, na mwishoni majani mengi. Mgonjwa apewe bakuli kubwa, kipande cha nyama kama kiganja chake bila vidole, na ugali wa ngumi moja au asile ugali kabisa usiku huo. Mafuta yanayoelea juu yapunguze. Kupunguza wanga si ruhusa ya kunywa samli kwa kikombe.

Kunde, choroko na maharage ni chakula kizuri, lakini vina protini na wanga pamoja. Siku ya kunde, kata ugali tena kwa nusu.

Soda na juisi ziondoke kabisa. Nawaambia hasa vijana mnaokwenda machimboni Mwakitolyo na Geita. Chupa moja ya soda ya mililita 350 nyingi zake zina zaidi ya gramu 30 za sukari. Anayepiga moko na kubeba mawe kutwa anatumia nguvu nyingi, lakini anayekaa dukani au kwenye pikipiki akila na kunywa kama mchimbaji anajitafutia ugonjwa.

Usiuze kila kitu

Kuna kaya ambayo asubuhi inauza maziwa yote na mayai yote, na jioni inanunua sembe na sukari. Fedha inahitajika, sikatai. Lakini kabla ya kuuza, toa kwanza fungu la nyumbani: yai la mgonjwa, kikombe cha mtoto, kikombe cha mama anayenyonyesha. Kinachobaki ndicho kiende sokoni.

Fungu hilo lidumu kiangazi, andaa mapema. Wazee mnakumbuka HASHI ilipoanza mwaka 1986 na ngitili zikarudi kuhifadhiwa. Ng'ombe mwenye ngitili ya kulia mwezi wa tisa bado ana maziwa kidogo, na asiye nayo hukauka. Kuku wachanjwe mdondo kila baada ya miezi mitatu kwa tone moja la jichoni. Dawa ni ya bei ndogo, na mdondo ukipita huachi hata kuku wa supu. Mboga za masika zikaushwe kivulini, zihifadhiwe.

Chakula cha zizini kiwe salama

Hapa sasa nasema kwa kazi yangu. Tukiwaambia watu wale zaidi vitu vya mifugo, lazima viwe salama.

Maziwa yachemshwe. Yakipanda juu, koroga na uyaache yachemke dakika chache zaidi. Maziwa mabichi huleta brusela na kifua kikuu. Maziwa ya mgando nayo yatokane na maziwa yaliyochemshwa: yapooze yawe vuguvugu, tia vijiko viwili vya mgando wa jana, funika kwenye chombo safi mpaka kesho. Mgando una sukari pungufu kidogo kuliko maziwa mabichi, kwa sababu sehemu yake huliwa na vijidudu vinavyogandisha.

Ng'ombe aliyechomwa sindano, maziwa na nyama yake visiliwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe. Usipoweza kusoma, niite au mpe kijana wa shule asome. Dawa iliyobaki kwenye maziwa inaingia kwa watoto wako.

Mnyama aliyekufa ghafla, hasa akitoka damu puani au njia ya haja, usimchune, usimpasue, usimle. Kimeta hakiangalii kama nyama ni ya bure. Toa taarifa kwangu au kwa mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo. Nyama nyingine zote zikaguliwe, na ziive mpaka ndani, kwa sababu ya tegu.

Nani asipunguze ugali bila ushauri

Hili lisikike vizuri, maana linaweza kuua. Anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari asikate ugali ghafla bila kuongea na daktari. Dawa ilipimwa kwa chakula alichokuwa akila. Chakula kikipungua na dawa ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka mno. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, njaa kali, kuchanganyikiwa na hata kuanguka. Ukimwona hivyo na bado anameza, mpe haraka maji ya sukari, soda au asali, kisha umpeleke kituo cha afya. Aliyepoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, mkimbize. Mchungaji mwenye kisukari asiende mbugani peke yake bila sukari mfukoni, na asitoke pekupeku.

Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kabla ya kuongeza nyama. Watoto, wajawazito na wanaonyonyesha msiwapunguzie chakula. Wao waongezewe mboga na maziwa, ugali wao wabaki nao. Maneno ya sahani ya robo ni ya mtu mzima mwenye kisukari, au aliyeambiwa sukari yake inapanda.

Na dawa isiachwe. Mlo hauchukui nafasi ya dawa, na dawa haichukui nafasi ya mlo. Anayekuambia mzizi wake unamaliza kisukari ili uache kliniki, mwulize kama yeye ndiye atakayeuguza kidonda.

Anayekojoa mara kwa mara, mwenye kiu isiyokwisha, anayekonda bila sababu au mwenye kidonda kisichopona, aende zahanati akapime. Kipimo ni tone la damu kidoleni. Wakiona haja watakuandikia rufaa mpaka hospitali ya mkoa, Mwawaza.

Leo jioni, kabla sufuria haijapanda jikoni, mama na baba mkubaliane mambo matatu: sahani ya mgonjwa iwe yake peke yake, mboga iongezwe maradufu, na maziwa yachemshwe. Nikipita wiki ijayo kuchanja kuku, nitaomba kuonyeshwa hiyo sahani.

Fungulieni ng'ombe wakanywe maji.