Nilisema nusu: matunda, kinini na maini yetu
(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa mwezi wa wamemba)



Komite iliniomba niongee tena juu ya chakula. Nilikubali, lakini leo naanza na deni. Miezi michache iliyopita nilisimama hapa hapa, nikawaambia matunda yanalinda maini. Mlipiga makofi, nikarudi nyumbani na furaha. Lile neno lilikuwa kweli nusu. Nusu ingine sikuisema, na mwenzetu mmoja karibu aipoteze roho yake.

Amenipa ruhusa nisimulie, bila jina. Ni mama, tulitoka naye Nyarugusu, akaanza upya huku kama sisi wote. Alikohoa wiki nyingi, akapimwa, wakakuta kifua kikuu. Wakampa kinini za miezi 6, zile za bure. Wiki ya 5 akaanza kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, tumbo kuuma upande wa kuume chini ya mbavu. Kisha mkojo ukawa mweusi kama chai kali. Mtoto wake akamwambia: "Mama, macho yako yamekuwa manjano."

Yeye akakumbuka maneno yangu. Akaanza kukamua marakuja na kula papai asubuhi na jioni. Muuzaji mmoja wa sokoni akamuongezea chupa ya "siro ya kusafisha maini", akalipa franka ambazo hakuwa nazo. Na kinini aliendelea kumeza kila siku, kwa sababu ni sisi wenyewe tulimfundisha asiache hata siku moja. Siku 9 zikapita hivyo. Siku ya 10 jirani akampakia kwenye moto akamfikisha hospitali, hawezi tena kukaa wima.

Waganga walisimamisha kinini zote siku ileile. Damu ikaonyesha ini limeumizwa na dawa. Mungu amesaidia, yule mama amepona. Walingoja ini litulie, kisha wakamrudishia dawa moja moja, huku wanapima. Alimaliza matibabu yake. Lakini muganga aliniambia neno ambalo bado linaniuma: "Angekuja siku ya kwanza, ingekuwa kazi ndogo."

Sasa nilipe deni.

Ini ni kama duane. Kila kinini unayomeza inapita pale kama mzigo mpakani: inafunguliwa, inageuzwa, halafu inapewa ruhusa ya kutoka mwilini. Shida ni kwamba katika ile kazi ya kufungua, mara zingine kunatoka kitu kibaya kuliko dawa yenyewe. Tuchukue parasetamoli, ambayo kila nyumba inayo. Sehemu ndogo yake inageuka sumu ndani ya ini. Ini lina askari wake wa kuikamata ile sumu, anaitwa glutationi. Ukimeza kipimo cha kawaida, askari anatosha. Ukizidisha, askari wanaisha, na sumu inaanza kuuma ini lenyewe. Ndiyo maana mtu mzima asipite gramu 4 kwa saa 24, maana yake kinini 8 za miligramu 500. Mtu mwembamba sana, mtu aliyekaa siku bila kula, au mnywaji wa kanyanga, yeye anapaswa kuchukua chini ya hapo, na amuulize muganga. Na muangalie: kinini nyingi za mafua zina parasetamoli ndani. Mtu anameza za mafua, anaongeza za kichwa, anafikiri ni dawa mbili, kumbe ni moja.

Dawa za kifua kikuu zina njia yao. Tatu kati ya zile nne za mwanzo, yaani izoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, zinaweza kuumiza ini hata kama umemeza sawasawa. Wengi wanamaliza bila shida. Wachache inawapata, na huwezi kujua mbele ni nani.

Matunda yanaingia wapi? Kata avoka uiache mezani: inakuwa nyeusi. Kamulia ndimu juu yake: inachelewa. Hewa inachokoza avoka, ndimu inazuia. Ndani ya mwili pia kuna uchokozi kama ule, na vitu vinavyouzuia vinaitwa antioksidanti. Vitamini C ni moja. Ile rangi ya manjano ya embe na papai, na nyekundu ya mawese yetu, ni ingine. Mapera ndiyo yanashinda wengi: gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, kama mara 4 ya chungwa. Na yanaanguka chini ya miti yetu, watoto wanayatupiana.

Wataalamu walijaribu kwa panya. Wanampa panya parasetamoli nyingi au sumu ingine ya ini, pamoja na dondoo la tunda fulani, komamanga kwa mfano. Mara nyingi ini la panya aliyepewa tunda linaumia kidogo kuliko la mwenzake. Hii ndiyo habari niliyowaletea ile siku. Sikudanganya.

Lakini kuna mambo matatu sikuwaambia. La kwanza, mara nyingi panya alipewa dondoo mbele ya sumu, siyo baada ya macho kuwa manjano. La pili, lilikuwa dondoo lililokolezwa, siyo kopo la maji ya marakuja. La tatu, panya siyo mama wa watoto watano anayemeza kinini za miezi 6. Kwa watu, hakuna tunda ambalo waganga wanalitumia kuponya ini lililoumizwa na dawa. Aliyezidisha parasetamoli ana dawa yake hospitali, inaitwa asetilisisteini. Inamsaidia mwili kutengeneza askari wapya, na inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Kila saa unayokaa nyumbani ukikamua matunda, unaikata kwenye zile 8.

Tena, antioksidanti ikitolewa ndani ya tunda na kutiwa kwenye kinini, inaweza kugeuka. Huko Finland walichukua wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000, wengine wakapewa kinini za beta-karoteni, ile rangi ya karoti na embe. Mwaka 1994 matokeo yakatoka: kansa ya mapafu iliongezeka kwa waliopewa, haikupungua. Na dondoo kali la chai ya kijani, linalouzwa kama kitu cha afya, limeshaumiza maini ya watu. Basi ile siro ya sokoni, isiyo na karatasi wala jina la aliyeitengeneza, tutajuaje iko na nini ndani?

Kwa hiyo tuache matunda? Hapana, ndugu zangu. Tunda ni chakula, na mgonjwa wa kifua kikuu anahitaji chakula kuliko mtu yeyote. Mwili unatengeneza glutationi kwa vitu vinavyotoka kwenye ndagala, maharage, karanga, mayai. Mtu aliyekula bukari tupu wiki nzima ana askari wachache. Weka ndagala kando ya bukari, sombe yenye mawese, pera moja baadaye. Hapo umesaidia ini lako kwa njia ya kweli. Pamplemusi peke yake uiulizie kwa muganga, kwa sababu inagombana na dawa fulani.

Haya tuyashike, na tuyarudilie nyumbani:

Ukiwa kwenye kinini za kifua kikuu, mkojo wa rangi ya machungwa usikuogopeshe. Hiyo ni rifampisini inapita. Lakini mkojo mweusi kama chai, macho manjano, kutapika bila kuisha: usimeze kinini ya kesho, nenda kituo cha afya leo. Leo, siyo kisha soko.

Usiache dawa kwa sababu ya tumbo kuchafuka kidogo tu. Nenda uulize. Ukiacha mwenyewe, kifua kikuu kinarudi na nguvu.

Usichanganye kinini na kanyanga wala kasiksi. Na kila dawa ya majani au siro unayokunywa, mwambie muganga. Asipojua, atatafuta kosa mahali halipo.

Sasa neno kwa komite na kwa wanaotuchangia. Yule mama hakukosa matunda. Alikosa franka za moto na mtu wa kumwambia "amka twende". Naomba sanduku letu la mshikamano litenge kiasi kidogo cha usafiri, kitolewe bila mkutano, siku ileile memba anapoonekana na macho manjano. Naomba pia kila mmoja aliye kwenye matibabu awe na jirani mmoja wa kumuangalia macho kila wiki, kwenye mwanga wa jua. Hiyo haina bei.

Na ninyi marafiki wa mbali, tunajua mnatupenda mnapotutumia makopo ya vitamini. Msiyatume tena. Ile pesa iwe miche ya mapera kwa shule, na mafuta ya moto kwa wagonjwa.

Yule mama nilienda kumuomba msamaha kwake. Alicheka, akanipa papai. Akasema: "Kula, lakini ukienda kusema tena, sema yote."

Leo nimejaribu kusema yote.