Kusoma Hesabu za Mashine ya Usingizi

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa serikali, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu, mjini Shinyanga.)



Kamati iliniomba nizungumze juu ya kazi yangu ya takwimu. Mimi nimeomba ruhusa nizungumze juu ya takwimu zangu mwenyewe, yaani zile ambazo mashine huziandika kila usiku nikiwa nimelala. Sababu yangu ni hii: katika mkoa wetu na kule Geita, wako wengi wenye ugonjwa nilio nao mimi bila ya kujua, na baadhi yao ndio wanaotuendesha barabarani.

Ugonjwa wenyewe ni kukatika kwa pumzi usingizini. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa wengine hulegea mno hata njia ya hewa ikaziba. Kifua huvuta, lakini hewa haipiti. Oksijeni katika damu hupungua, ubongo hushtuka, mtu huzinduka kidogo bila ya kujua, hupumua kwa kishindo, kisha hurudi usingizini. Tukio huhesabiwa likidumu sekunde 10 au zaidi. Hali hii ikijirudia usiku kucha, mtu huamka amechoka kama aliyelima, na shinikizo la damu aghalabu hupanda. Mabwenini tulikuwa tukiwacheka waliokoroma. Kukoroma peke yake si ugonjwa huu. Lakini akoromaye kwa nguvu, kisha akanyamaza ghafula, kisha akashtuka kama aliyekabwa, huyo apelekwe kwa daktari.

Mimi niliambiwa na mke wangu, ambaye alikuwa akinitikisa usiku ili nipumue. Mchana, katika safari za kikazi, nilikuwa nasinzia kwenye gari hata kabla hatujafika Kahama. Nilipopimwa usiku mmoja kwa vifaa vya kufunga kifuani na kidoleni, yalionekana matukio 40 kwa saa. Madaktari huhesabu hivi: chini ya 5 kwa saa ni kawaida, kuanzia 5 hadi chini ya 15 ni hafifu, kuanzia 15 hadi chini ya 30 ni wastani, na 30 na zaidi ni kali. Yangu, basi, ilikuwa kali.

Tiba niliyopewa ni mashine ya kusukuma hewa kwa njia ya barakoa inayofungwa puani. Wazo hili lilitangazwa mwaka 1981 na Dakta Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia. Mashine haitii dawa wala haiongezi oksijeni. Husukuma hewa hii hii ya chumbani ili koo lisijifunge, kama upepo unavyoupa umbo mfuko uliolegea. Ya kwangu huandika pia kila kinachotokea usiku, na asubuhi huonyesha namba nne: saa za matumizi, matukio kwa saa, uvujaji wa hewa, na msukumo. Watumiaji wapya wengi hutazama namba moja tu, ile ya matukio. Nataka kuonyesha kwamba namba hiyo peke yake haina maana.

Sisi watu wa huku tunayo mifano mizuri. Mgodi wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi 1966, ukafunguliwa upya mwaka 2000. Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001. Buzwagi ukaanza mwaka 2009 na kumaliza uzalishaji mwaka 2021. Kila mtoto wa Kahama amesikia habari ya gramu kwa tani. Mtu akija na kijiwe akasema kina gramu 20 kwa tani, swali la kwanza la mchimbaji mzoefu ni: tani ngapi? Gramu 20 kwa tani katika mawe ya kujaza kofia si mgodi. Matukio kwa saa ni kama gramu kwa tani. Lazima tuulize: saa ngapi?

Chukueni daftari, ndugu wanafunzi. Usiku wa kwanza mtu ametumia mashine saa 2, na yametokea matukio 2. Mashine inaandika tukio 1 kwa saa. Usiku wa pili ametumia saa 7, matukio 28. Mashine inaandika 4 kwa saa. Ukitazama namba hiyo tu, utasema usiku wa kwanza ulikuwa bora mara nne. Lakini mtu huyo alilala saa 7 usiku ule wa kwanza pia. Saa 5 zilizobaki alilala bila mashine, na kama ugonjwa wake ni wa matukio 40 kwa saa, hayo ni matukio 200. Jumlisha na yale 2, gawa kwa 7: unapata karibu 29 kwa saa. Mashine haikudanganya. Iliandika yale iliyoyaona, na barakoa ikiwa imevuliwa haioni kitu.

Jambo la pili ni kigawanyo chenyewe. Mashine hii haijui kama nimelala au niko macho. Inajua tu kwamba ninapumua ndani ya barakoa. Tuseme nimelala saa 6 na yametokea matukio 24. Hayo ni 4 kwa saa. Lakini kama nililala chali nikiwaza ada za watoto kwa saa 2 nikiwa na barakoa, mashine itagawa kwa 8 na kuandika 3. Tena mtu aliye macho hupumua bila mpangilio, hugeuka, humeza mate, na mengine ya hayo mashine huweza kuyahesabu kuwa matukio. Kwa hiyo tofauti ya 3 na 4 isimfurahishe mtu wala kumtia hofu.

Jambo la tatu ni uvujaji. Barakoa ina vitundu vilivyowekwa makusudi ili hewa chafu tunayoitoa ipate pa kutokea. Mashine nyingine huonyesha hewa yote inayotoka, pamoja na ya vitundu hivyo; nyingine huiondoa kwanza na kuonyesha ile iliyopotea kwa bahati mbaya tu. Ndiyo sababu watu wawili wenye mashine za namna mbili wasilinganishe namba zao. Kwa mashine za kampuni ya ResMed, kwa mfano, mpaka unaotajwa ni lita 24 kwa dakika, bila ya kuhesabu ya vitundu. Uvujaji ukiwa mkubwa, hesabu ya matukio nayo haiaminiki, kama vile huwezi kupima maziwa kwa kibuyu kilichotoboka. Kwanza tazama uvujaji, ndipo usome matukio.

La nne ni msukumo. Hupimwa kwa sentimeta za maji, kwa kawaida kati ya 4 na 20. Wanafunzi wa Fizikia wamewahi kuona bomba lenye umbo la U, lenye maji, ambalo ukilipuliza upande mmoja maji hupanda upande wa pili. Basi kipimo ndicho hicho. Mashine yangu hujirekebisha yenyewe usiku. Ikiandika sentimeta 11 kwa asilimia 95, maana yake ni kwamba kwa sehemu 95 katika kila 100 za muda huo msukumo ulikuwa 11 au chini yake. Si wastani, wala si kilele.

Hali kadhalika, matukio si ya aina moja. Mengine ni ya koo kuziba. Mengine koo li wazi lakini ubongo haukutuma amri ya kupumua. Mashine nyingi za sasa hutuma mitetemo au mapigo madogo ya hewa ili kupima kama njia i wazi, kisha hukadiria aina. Matukio ya namna hii ya pili yakiwa mengi wiki hata wiki, hilo ni la daktari. Mtu asijiongezee msukumo mwenyewe kwa sababu ameona namba asiyoipenda, kwani kwa baadhi ya watu msukumo ukizidi huyaongeza matukio hayo.

Ndugu zangu, wiki tatu zangu za kwanza zilikuwa hivi. Usiku mmoja 2 kwa saa, unaofuata 11, kisha 5, kisha 3. Usiku wa 11 uvujaji ulikuwa mkubwa. Barakoa ilikuwa imelegea upande wa kushoto. Usiku mwingine umeme ulikatika na mashine ikaandika saa 1 na dakika 50. Nilizipanga namba zote nne kwenye daftari kwa mistari, na pembeni nikaandika: umeme, mafua, safari, pombe harusini. Pombe hulegeza koo, na usiku wa harusi ulionekana. Katika kilimo hatusemi mwaka ni wa njaa kwa sababu ya wiki moja kavu ya Januari, tunasoma msimu. Nilimpelekea daktari msimu mzima, akapata la kusema. Mwezi wa pili nilikuwa natumia saa 6 na zaidi, matukio chini ya 5, na safari ya Kahama, Ushirombo hadi Geita naitazama yote kwa macho.

Kwa hali za kwetu, niongeze mambo matatu. Vumbi letu la kiangazi huziba kichujio upesi. Kikaguliwe kila wiki. Umeme ukiwa wa shida, betri yaweza kutumika, lakini fundi ahakikishe kwanza volti zinazotakiwa, na kile chombo cha kupasha maji kizimwe, maana ndicho hula nguvu nyingi. Na wanaoletewa mashine kuukuu na ndugu walio ng'ambo wawe waangalifu: Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuziondoa katika matumizi mamilioni ya mashine zake, kwa sababu sifongo ya kupunguza sauti iliyo ndani ilikuwa ikichakaa na chembe zake kuweza kuingia katika hewa ya mgonjwa. Namba ya mashine ikaguliwe kabla ya kuvaa barakoa.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nisimame hapa. Mmoja wetu, niliyekaa naye dawati moja, huendesha gari la kubeba mawe mgodini, lile linalobeba tani 100 na zaidi kwa safari moja, zamu ya usiku. Dalili nilizozitaja anazo zote. Nilipomshauri akapimwe aliniambia: "Ndugu yangu, nikisema, watanishusha kwenye gari. Watoto watakula nini?" Siwezi kuidharau hofu hiyo. Lakini asiyepimwa anaendelea kuendesha akiwa na usingizi, na gari la namna ile halina ajali ndogo.

Nchini Uingereza, dereva anayesinzia mchana kwa sababu ya ugonjwa huu hutakiwa kuacha kuendesha mpaka hali yake idhibitiwe, kisha huruhusiwa kurudi. Na dereva wa magari makubwa hutakiwa kuthibitisha kwamba anatumia tiba. Uthibitisho huo aghalabu ni zile saa na yale matukio yaliyoandikwa na mashine. Kwa hiyo namba hizi zaweza kuwa ngao ya mfanyakazi, maadam sheria za kazi ziwe wazi juu ya nani anaruhusiwa kuzisoma na kwa sababu gani. Wenzetu walio katika vyama vya wafanyakazi, katika sheria, na katika uongozi wa migodi, ambao nawaona humu ukumbini, hili ni la kwenu. Mtu aliyejitokeza akatibiwa arudishiwe usukani wake. Pasipokuwa na ahadi hiyo, hakuna atakayejitokeza.

Ninyi wadogo zetu, mtakutana na namba nyingi kuliko tulizokutana nazo sisi. Kila moja iulizeni: imegawanywa kwa nini? Imepimwa kwa muda gani? Chombo hakikuona nini? Maswali hayo nilifundishwa katika madarasa haya haya, kwa chaki, na mwalimu ambaye hakuwahi kuiona mashine ya namna hii.