Usiku wa magitaa katika mji uliozingirwa

Maneno haya yalisemwa na timu yetu ya uwanjani mbele ya familia za wakimbizi wa ndani, kamati yao na viongozi wa eneo.

Tunawashukuru kwa kuacha kazi zenu na kuja kuketi pamoja nasi, hasa wamama, kwani tunajua saa hii ndiyo saa ya kupanga mabidoni kwenye bomba.

Katika mkutano uliopita vijana walileta ombi. Waliomba tuwasaidie kualika orkestra ije kupiga muziki hapa, jioni moja tu. Mzee mmoja akasimama akatuuliza: "Ninyi watu wa shirika, mnaona sisi tunalia, nanyi mnataka kutuletea ngoma?" Mama mmoja akaongeza kwamba pesa ya kukodi bafle ingetosha kununua unga. Siku ile hatukujibu. Tulirudi ofisini, tukabishana sisi kwa sisi mpaka jioni, na leo tumekuja na nusu ya jibu. Nusu nyingine iko kwenu.

Tunaomba ruhusa tuwasimulie habari moja ya kweli. Si ya hapa kwetu, ni ya Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia huko Ulaya. Wengine kati yetu tuliisikia tukiwa wanafunzi wa chuo kikuu, kwa sababu tulipenda ule muziki wa magitaa makali unaoitwa metali, na nyimbo zake zilipita kutoka flashi moja hadi nyingine katika vyumba vyetu. Wazazi wetu hawakuupenda hata kidogo. Baadaye tuliona filamu iliyotengenezwa juu ya usiku huo na Tarik Hodžić, mtu wa Bosnia, iliyotoka mwaka 2016, na tangu hapo habari hii haijatutoka.

Mwezi wa Aprili 1992 Sarajevo ilizingirwa. Mji huo uko bondeni, milima inauzunguka pande zote, na juu ya milima walikaa wenye mizinga na wenye bunduki za kulenga mtu mmoja mmoja. Kuzingirwa huko kulidumu mpaka Februari 1996, siku 1,425. Hapakuwa na umeme, wala maji ya bomba, wala kuni. Watu walikata miti ya bustani za mji, wakachoma na viti vya nyumba zao. Mtu alikwenda kuteka maji akijua kwamba pengine hatarudi. Tarehe 5 Februari 1994 bomu moja lilianguka katika soko la Markale, likaua watu 68 waliokuja kutafuta cha kula. Mwaka 2012, miaka 20 baada ya mwanzo wa vita hiyo, mji ulipanga katika barabara yake kubwa viti vyekundu 11,541, vyote vitupu, kiti kimoja kwa kila aliyeuawa. Vya watoto vilikuwa vidogo.

Chakula kilikuja kwa ndege za msaada. Hapa mtatusamehe tukicheka kidogo, maana ninyi mnaijua hadithi ya maharagi yasiyoiva hata ukimaliza makala yote ya juma. Kule Sarajevo kulikuwa na nyama ya mkebe ambayo watu waliichoka kabisa. Mwaka 2007 waliusimamishia mkebe ule sanamu kubwa, na chini yake wakaandika kwamba ni shukrani ya wakaaji wa Sarajevo kwa jumuiya ya kimataifa. Sisi tunaofanya kazi ya kugawa misaada tunaikumbuka sanamu hiyo kila mara tunapojiona wakarimu.

Sasa, katika mji huo walikuwemo vijana, kama waliomo hapa. Walikuwa wakipiga muziki katika vyumba vya chini ya nyumba, pahali mabomu hayakufika kwa urahisi, na walikuwa na redio yao iliyoitwa Zid, maana yake ukuta. Wengi wao walipenda orkestra moja ya Uingereza inayoitwa Iron Maiden, iliyoanzishwa London mwaka 1975. Mwimbaji wake, Bruce Dickinson, aliingia mwaka 1981 na kutoka mwaka 1993. Alirudi baadaye, mwaka 1999. Mwaka 1994, basi, alikuwa peke yake na orkestra mpya ya vijana: Alex Dickson kwenye gitaa, Chris Dale kwenye besi, Alessandro Elena kwenye ngoma.

Tunajua kwamba wachungaji walio hapa watauliza juu ya muziki wenyewe, na wana haki. Ni muziki wa kelele, wapigaji wanavaa nguo nyeusi na kufuga nywele ndefu, na mwaka 1982 nyimbo za Iron Maiden zilileta malalamiko mengi ya Wakristo huko Marekani. Hatukuja kuutetea. Ninyi mkialika kwaya, sisi tutakuja kuisikiliza. Tunasema tu kwamba huo ndio uliokuwa muziki wa vijana wale, na wao hawakuulizwa na mtu wa mbali wanapaswa kupenda nini.

Mwaliko ulitoka kwa ofisa mmoja Mwingereza aliyefanya kazi na Umoja wa Mataifa ndani ya Sarajevo. Wanamuziki wakakubali. Walipofika Split, mji wa Kroatia kando ya bahari, wakaambiwa kwamba helikopta ya kuwavusha haipo, na kwamba wanaweza kurudi kwao. Hapo wangeweza kurudi bila aibu, hakuna ambaye angewalaumu. Lakini lilikuwepo shirika dogo la msaada, The Serious Road Trip, lililopeleka chakula na michezo ya watoto kwa malori yaliyopakwa rangi kali na picha za katuni. Hao wakawaambia: sisi tunakwenda, pandeni. Wakapanda nyuma ya lori, mwezi wa Desemba, katika baridi ya theluji, wakapita njia ya mlima Igman, ambayo ilipigwa risasi mara kwa mara. Njia hiyo ndiyo iliyowafikisha.

Tarehe 14 Desemba 1994 walipiga katika ukumbi wa utamaduni wa Sarajevo. Umeme ulitoka kwenye jenereta. Ukumbi ulijaa. Vita haikuwa imesimama. Ni siku chache baadaye tu, mwishoni mwa mwezi ule, ndipo Jimmy Carter, aliyewahi kuwa rais wa Marekani, alipopatanisha pande mbili juu ya kusimamisha mapigano kwa miezi minne. Miongoni mwa waliokuja ukumbini walikuwemo askari vijana waliotoka kwenye mahandaki, na ambao wangerudi huko.

Katika filamu, watu wale ambao sasa ni wababa na wamama wanaeleza habari ya usiku ule, na kilichotugusa ni kwamba hawasemi sana juu ya nyimbo. Wanasema kwamba mtu fulani alikuja. Kwa miaka karibu mitatu walikuwa wameonekana katika televizio za dunia yote kama maiti au kama foleni ya mkate. Halafu yule waliyekuwa wamebandika picha yake ukutani akafika kwa mlango wao, amechoka kwa safari, akiwa na baridi kama wao. Mtu aliyepatwa na baa huwa anajua kupambanua kati ya anayekuja kumtazama na anayekuja kumtembelea. Ninyi mnalijua hilo kuliko sisi.

Na wale wanamuziki nao hawakurudi kama walivyokuja. Dickinson ameieleza safari hiyo katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2017. Wakati filamu inatengenezwa walirudi Sarajevo kuonana tena na watu wa usiku ule. Mwaka 2019 mji ulimfanya Dickinson raia wake wa heshima.

Lakini tusidanganyane. Muziki ule haukusimamisha vita. Asubuhi iliyofuata foleni ya maji ilikuwa palepale. Miezi saba baadaye, Julai 1995, wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 waliuawa Srebrenica, pahali palipoitwa eneo salama la Umoja wa Mataifa. Mapatano ya amani ya Bosnia yalitiwa sahihi mjini Paris tarehe 14 Desemba 1995, mwaka mmoja kamili tangu usiku ule wa magitaa. Ni bahati tu ya kalenda. Yaliletwa na nguvu nyingine kabisa, na atakayewaambia kwamba magitaa yalileta amani anauza kitu.

Tena ilikuwa hatari kuwakusanya watu wengi chini ya paa moja katika mji unaopigwa mabomu. Walioingia ukumbini walikuwa wanakumbuka vizuri yaliyotokea Markale mwezi wa Februari wa mwaka uleule. Walichagua wenyewe. Hatuwaambii ninyi mwige hilo.

Liko tamasha lingine ambalo vijana wanalitaja zaidi, lile la orkestra ya Ireland inayoitwa U2, tarehe 23 Septemba 1997, katika uwanja wa mpira wa Koševo, watu kama 45,000. Hilo lilikuja baada ya vita. Garimoshi zilitembea tena kwa ajili ya siku hiyo, na watu waliopigana miaka miwili nyuma walisimama uwanja mmoja, huku makaburi ya vita yakiwa karibu nao. Lilikuwa jambo kubwa. Kwetu sisi wa Kivu linafanana kidogo na Tamasha Amani la Goma, ambalo lilipangwa kwa mwaka 2013, likaahirishwa kwa sababu ya usalama, na hatimaye likafanyika Februari 2014 katika Chuo cha Mwanga. Lakini ombi la vijana wetu liko karibu zaidi na lile dogo la mwaka 1994, kwa kuwa hapa hakuna anayeweza kuwaambia kwamba vita imekwisha.

Sasa tuseme lile ambalo lilitufanya tubishane ofisini.

Wakubwa kwa wadogo mnakumbuka kwamba tulikwisha kuleta wanamuziki hapa mara moja. Walikuja na gari mbili. Walishuka, wakapiga kwa saa moja na nusu, sisi tukapiga picha nyingi, tukagawa tishati zenye alama ya mradi, jua halijatua wakaondoka. Kijana mmoja wa hapa, anayetengeneza gitaa kwa mkebe wa mafuta na nyaya za breki, alikuwa amengoja tangu asubuhi apate kumuonyesha mpiga gitaa kazi yake. Dereva wetu alimwambia asogee, gari linageuka. Tulijua habari hiyo wiki mbili baadaye, tena kwa mama yake, wala si kwa kijana mwenyewe. Kosa hilo ni letu. Katika ripoti tuliandika kwamba shughuli ilifaulu na idadi ya washiriki ilifikiwa.

Ndiyo maana tuliposikia swali la mzee tulijua kwamba mzee hakukosea. Aliona ngoma ya namna ile. Na mama wa unga naye hakukosea, kwa hiyo tunasema mbele ya wote: pesa ya chakula haitaguswa. Mfuko wa chakula ni mwingine, na hesabu yake itasomwa hapa na mweka hazina wa kamati kabla ya jambo lolote kufanyika. Kama hesabu haikusomwa, orkestra haiji.

Tunapendekeza namna hii, nanyi mtarekebisha. Wanamuziki, kama wakikubali, wafike asubuhi, bila bafle kubwa, wakae na vijana mchana kutwa. Wale kumi na wawili wanaojifunza kupiga wapate kushika vyombo vyao na kuuliza wanachotaka. Wale bugali na sombe pamoja na familia zitakazowapokea, na gharama ya chakula hicho tuilipe sisi. Wapige saa tisa ya mchana, waishe kabla ya saa kumi na moja, kusudi hakuna msichana atakayerudi gizani. Walio katika kilio siku hiyo waheshimiwe: kama matanga yako katika kibanda chochote cha upande huu, tunaahirisha, hata kama gari liko njiani. Picha hakuna, isipokuwa kamati ikiziomba.

Liko jambo moja ambalo hatujalipatia jibu, nalo ni lugha. Vijana wanataka orkestra ya mjini inayoimba Kiswahili na Kilingala. Familia zilizofika mwisho, zile za upande wa chini, zinasema kwamba muziki wa lugha fulani utaamsha maneno ya zamani kati ya majirani. Sisi tuliona si neno kubwa, lakini sisi hatulali hapa. Tunawaomba wazee wa pande zote mbili mketi juu ya hilo bila sisi.

Yule kijana wa gitaa la mkebe tulimwomba ruhusa ya kumtaja leo. Alikubali kwa sharti kwamba apewe nafasi ya kupiga wimbo mmoja mwisho wa kikao. Yuko pale nyuma, na gitaa analo. Kabla yake, mzee aliyetuuliza swali ameomba neno, nasi tunakaa kumsikiliza.