Mtoto Hujifunza Maumbo kwa Mikono

(Hotuba kwa kamati za sharika na wafadhili, Likombe, Mtwara)



Tuna ombi moja kuhusu darasa la chekechea: fedha iliyotengwa kununua chati za maumbo itumike kutengeneza vipande vya mbao.

Chati za kwanza tulizichagua sisi wenyewe, tukavutiwa na rangi zake. Watoto wamezikariri vizuri. Lakini ukiwapa mchemraba mkononi, wengi wanauita mraba, kwa kuwa wanataja uso mmoja walioukazia macho. Mchemraba una nyuso 6, kingo 12 na kona 8. Mchoro wa ukutani huonyesha nyuso 3 tu. Zilizojificha mtoto huzijua kwa kukigeuza kitu mara nyingi.

Jambo hili si geni. Friedrich Froebel, aliyeanzisha chekechea Ujerumani mwaka 1837, aliwapa watoto mpira, mchemraba na silinda wavichezee. Mwaka 1948 Jean Piaget na Bärbel Inhelder walichapisha utafiti ambamo watoto waliwekwa mbele ya mfano wa milima mitatu, wakaulizwa mwanasesere aliye upande mwingine anaona nini. Wadogo walichagua picha ya kile walichokiona wao. Watafiti waliofuata walionyesha kwamba swali likirahisishwa, hata wadogo huweza kujibu. Kwa hiyo uwezo upo, unahitaji kulelewa.

Hapa kwetu walimu wa jambo hili ni wengi. Mchongaji wa kinyago cha Kimakonde hufikiria upande wa nyuma wa gogo kabla ya kupiga tezo. Msukaji wa dema hujua mlango utakapokaa kabla hajamaliza kusuka. Ujuzi huo waliupata kwa mikono.

Tunaomba kila usharika ukusanye mabaki ya mbao kwa maseremala, yakatwe na kupigwa msasa yasije yakawachoma watoto. Makopo na maboksi matupu pia yanafaa. Mwalimu naye asiishie kuuliza jina la umbo. Aulize: "Kopo hili likilazwa litafanya nini? Likisimamishwa je? Kwa nini mpira haukai juu ya boksi?" Mtoto akibahatisha jibu, kisha akajaribu mwenyewe, hapo ameanza kufikiri.

Chati zilizopo zibaki ukutani. Fedha mpya iende mikononi mwa watoto.