Vipimo vya Hali ya Hewa na Tatizo la Daftari la Mvua katika Wilaya za Bukoba na Muleba

Vipimo vya msingi vya hali ya hewa vinafahamika kwa washiriki wengi wa semina hii, kwa hiyo vitapitiwa kwa ufupi. Jotoridi hupimwa kwa nyuzi za Selsiasi, ndani ya kisanduku cheupe cha mbao kinachopitisha hewa, ili kipimajoto kisome joto la hewa na si la jua. Unyevunyevu, unaotajwa kwa asilimia, ni mvuke uliomo hewani ukilinganishwa na ule ambao hewa ya joto hilo ingeweza kuubeba. Upepo hutajwa kwa upande unakotoka, hivyo upepo wa mashariki ndio unaotoka ziwani kuja Bukoba. Mgandamizo wa hewa hupungua kadiri mahali panavyoinuka, na kwa sababu Bukoba iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kusoma hektopaskali chini ya 900 si dalili ya dhoruba.

Mvua hupimwa kwa milimita, na milimita 1 ni sawa na lita 1 ya maji katika kila mita moja ya mraba. Ufuko wa Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi kinachopungua sana kuelekea magharibi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotabiri mvua za "wastani", humaanisha asilimia 75 hadi 125 ya wastani wa muda mrefu wa mahali husika, kwa hiyo mvua ya "chini ya wastani" ufukoni yaweza kuizidi ile ya "juu ya wastani" katika vijiji vya magharibi. "Mvua kubwa" ni ile inayozidi milimita 50 katika saa 24.

Hizo saa 24 ndizo chanzo cha tatizo ambalo limesemwa katika vikao vingi, likaingizwa katika mihutasari, na bado halijapatiwa ufumbuzi. Siku ya mvua huanza na kuisha saa 3 asubuhi, wakati kipimamvua kinaposomwa. Usiku, pepo za nchi kavu kutoka pande zote za Ziwa Victoria hukutana juu ya maji yenye joto na kuzalisha mawingu ya radi, ambayo upepo wa mashariki huyasukuma hadi Bukoba na Muleba alfajiri na asubuhi. Ndege ya Precision Air iliyoanguka ziwani tarehe 6 Novemba 2022 na kuua watu 19 ilikuwa ikijaribu kutua asubuhi, katika hali mbaya ya hewa. Kwa kuwa saa 3 huangukia katikati ya mvua hizo za asubuhi, mvua iliyoanza saa 12 na kukoma saa 5, ikatoa milimita 70, yaweza kuandikwa 40 leo na 30 kesho, na daftari halitaonyesha mvua kubwa hata kama Mto Kanoni umefurika mjini.

Kosa la pili ni kinyume chake. Msomaji wa kipimamvua asiyefika Jumamosi na Jumapili humimina maji yote Jumatatu na kuyaandika kama ya siku moja, na hivyo mvua kubwa ambayo haikunyesha huzaliwa kwenye karatasi. Kwa upande mwingine, mvua kubwa iliyonyesha hufichika: silinda ya kupimia ya kipimamvua chenye mdomo wa sentimita 20.3 ikitumiwa kwa kile cha sentimita 12.7, milimita 50 husomeka chini ya 20.

Kosa la tatu ni la kibanja chenyewe, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba. Kipimamvua chapaswa kuwa mbali na kizuizi angalau mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho, na migomba ya mita 5 hudai mita 10 za uwazi ambazo kibanja cha Kihaya, kilichobana nyumba kila upande, hakina. Jani la mgomba huyazuia maji au huyaelekeza yote ndani ya mdomo wa chombo. Bila kuilaumu ofisi yoyote, ni vigumu kueleza kwa nini vipimamvua vinaendelea kuwekwa hapo.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba vipimamvua vihamishiwe kwenye viwanja vya shule au kwenye rweya (uwanda wa nyasi) yenye uzio. Kwamba saa ya mvua kuanza na kukoma iandikwe kando ya kiasi. Kwamba mvua ya siku kadhaa iandikwe kuwa ya jumla, pamoja na tarehe zake. Kwamba siku isiyosomwa iachwe wazi na isiwekewe sifuri, kwa kuwa sifuri ni kipimo kamili. Kwamba kila chombo kiwe na silinda yake. Kwamba vituo vya watu binafsi visajiliwe kama Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ya mwaka 2019 inavyotaka. Kwamba msomaji wa pili afundishwe kwa ajili ya mwisho wa wiki na alipwe. Na, ingawa limekwisha tajwa, kwamba saa ya mvua iandikwe, kuanzia masika yajayo, katika kila daftari la Bukoba na Muleba.